Baba Mkwe na Msema Pembeni

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, na basi la kutoka Dar likaanza kuleta magazeti mapya yenye maneno ambayo zamani mtu aliyasema baada ya kufunga dirisha, mimi nilikuwa mpiga taipu Ibighi, mjini Tukuyu. Nasema mpiga taipu kwa kujivuna kidogo. Nilimaliza darasa la saba, nikafundishwa mashine na masista kwa muda mfupi, basi. Mpaka leo sina hakika mkato unakaa wapi. Wateja wangu nao hawakuwa na hakika, kwa hiyo tulielewana.

Chumba changu kilikuwa cha mbao, kimeegemea uzio wa nyumba ya wakwe zangu, mlango unatazama barabara. Kilikuwa mali ya baba mkwe. Alinipa bila maneno, kwa sababu maneno hatukuwa nayo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akipita, unajificha au unageuka. Naye haingii mahali ulipo. Kwa lugha yao wanaita kutila, yaani hofu na heshima zikiwa zimepikwa chungu kimoja. Watu wengi wa mjini walikwisha kulegeza. Mimi mwenyewe nimezaliwa Isongole kwenye viazi, na nyumbani kwetu hatukubanwa namna hiyo. Lakini baba mkwe alikuwa mtu wa zamani, na mimi niliolewa kwake, nikafuata. Alikuwa na kikohozi maalumu cha njiani. Nikikisikia nageuza kiti, natazama ukuta. Nimekaa jirani naye miaka mingi, na ungeniuliza sura yake ningekueleza visigino.

Basi, kule Makandana kulikuwa na duka la nguo, mafuta ya taa na betri. Mwenye duka babu yake alitoka pwani, yeye kazaliwa hapa hapa, na anaongea Kinyakyusa kuliko mimi. Alitundika ubao wa matangazo nje ya duka. Mwanzoni ulikuwa wa nyumba za kupanga na mbuzi waliopotea. Kisha mtu akabandika kipande cha gazeti, mwingine akaandika pembeni kwamba gazeti limedanganya, wa tatu akamjibu wa pili, na kabla ya masika kwisha ubao ukawa baraza. Mwenye duka aliweka masharti yake mwenyewe: usitukane, usimtaje mtu, usibandike juu ya mbuzi wa mwenzio.

Shida ilikuwa mwandiko. Mji wetu mdogo, mwandiko wa mtu unajulikana kama mwendo wake. Hivyo wenye maoni wakaanza kuja kwangu niwachapie. Walijipa majina: Mwana wa Mvua, Jicho la Nyuma, Mchovu wa Ahadi. Walikuja wakitazama huku na huku kama wanakuja kuiba ndizi, kisha wanatoa karatasi inayosema barabara ina mashimo, jambo ambalo kila mtu alikuwa amelikanyaga asubuhi hiyo. Sikuwacheka. Au niseme kweli, niliwacheka baada ya kuondoka. Kila mmoja nilimwahidi kwamba jina lake linaishia kwenye kiti alichokalia, na rasimu yake ikaishia jikoni, motoni.

Ndipo akaja huyu aliyejiita Msema Pembeni.

Sitasema alikuwa mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Nitasema tu kwamba alikuwa mtu wa kwenye misiba yetu, anayekaa mkekani na wenzake. Alichonipa nikichape kilikuwa kifupi. Kilisema kwamba kwetu mtu akifa watu wanakaa siku nyingi wakila, anachinjwa ng'ombe wa kwanza, anachinjwa wa pili, na wageni wakiondoka wanamwacha mjane na zizi tupu na migomba iliyokatwa mikungu. Kikauliza: "Tunakwenda kulia au tunakwenda kushiba?" Na mwishoni kikaomba jambo moja, ng'ombe wa pili abaki kwa wafiwa.

Nilipomaliza kuchapa nilimwambia, "Hili litauma."

Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako. Nikijulikana, siku nikifiwa mimi hakuna atakayekanyaga kwangu. Nitazika na paka."

Kwetu hilo si tishio dogo. Mtu anaweza kuvumilia kutosalimiwa sokoni, lakini msiba usio na watu hauvumiliki. Nikaahidi.

Sasa, upande wetu wa Ibighi, mtu aliyekuwa anasimama msibani na kunyoosha fimbo kuonyesha ng'ombe gani achinjwe alikuwa baba mkwe wangu. Hakupewa cheo hicho na serikali wala kanisa. Alikuwa nacho tu, kama mtu anavyokuwa na pua. Msema Pembeni hakumtaja, alifuata masharti ya duka, lakini fimbo ilionekana katikati ya mistari.

Nilisimuliwa kwamba baba mkwe alisoma ubao ule akiwa amevua kofia, akarudia mara ya pili akiwa ameivaa. Kisha akarudi nyumbani, na mimi nikasikia mengine yote kupitia mbao.

"Mtu ananirushia jiwe kutoka kwenye migomba," alikuwa anamwambia mama mkwe uani. "Mimi nimjibu nani? Nijibu mgomba?"

"Hajakutaja," mama mkwe akasema.

"Nani mwingine ana fimbo?"

"Basi usiwe na fimbo."

Baba mkwe akasema, "Mkamwana wako anamjua. Ile mashine ndiyo iliyochapa. Ile herufi 'a' ina tumbo lililojaa wino, naijua, hata tangazo la kwaya linayo."

Hapo ndipo ubishi ulipomfunga mwenyewe. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, na mtu huyo ndiye pekee ambaye yeye hakuruhusiwa kumwuliza. Hakuwa mtu wa kuvunja mila kwa ajili ya kutetea mila. Akamtuma mama mkwe.

Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni kwangu, huku baba mkwe amesimama nyuma ya migomba, hatua chache tu, anasikia kila kitu na mimi namsikia akipumua.

"Baba yako anauliza, ni nani huyo Msema Pembeni?"

"Nimesikia, mama."

"Najua umesikia. Lakini lazima niseme." Akajifunga kitenge vizuri. "Haya, jibu, nikampelekee."

"Mwambie niliahidi kutomtaja."

Mama mkwe akageuka kuelekea migomba. "Anasema aliahidi."

"Nimesikia!" ikasema migomba.

"Mbona mwanichosha?" mama mkwe akasema, akatoka katikati yetu, akakaa kwenye gogo kumenya viazi. Lakini ujumbe wa pili ulikuwa haujafika, ikabidi arudi na kisu mkononi. Baba mkwe alisema kwamba chumba ni chake, na hawezi kuhifadhi chini ya bati lake mtu anayemsema. Ikifika Jumapili bila jina, mashine itoke, chumba kiwekwe ndizi za kuivisha.

Nilikaa nikatazama taipureta yangu. Sikuwa na mahali pengine. Vyumba vya barabarani vilikuwa vimeshikwa na wauza mitumba, na mashine ile nzito huwezi kuitembeza kama karanga. Bila chumba, kazi ilikuwa imekwisha.

Mume wangu alirudi kutoka kiwanda cha chai amechoka, akanisikiliza akiwa amekunja miguu kwenye beseni la maji moto. Ni mtu mwema. Aliniambia, "Mtajie mtu yeyote aliyehama."

"Nimsingizie?"

"Aliyehamia mbali. Chunya huko. Hatasikia."

Nilimwambia siwezi, akasema alijua siwezi, ila alitaka aonekane amesaidia.

Nataka kuwa wa haki hapa, kwa sababu ni rahisi kumchora baba mkwe kama mzee wa kuchekesha anayegombana na karatasi. Swali lake lilikuwa swali. Mtu anayesemwa ana haki ya kujua anajibizana na nani. Jina la kujificha linaweza kuficha mjane aliyeumia, na linaweza pia kuficha mtu mwenye chuki zake za zamani. Mimi nilimjua Msema Pembeni kwamba hakuwa na chuki, lakini baba mkwe angejuaje? Alitakiwa aniamini mimi, na mimi ni nani? Mtu asiyejua mkato unakaa wapi. Nililigeuza jambo hilo kichwani siku kadhaa. Daftari langu la siku zile linasema kulikuwa na mvua, mimi nakumbuka jua. Sijui nani kati yetu anasema kweli, ila kwa mvua za Tukuyu ningeliamini daftari.

Mwishowe nilimwambia mama mkwe, "Mwambie baba ubao si wa mtu mmoja. Naye ajibu pale pale. Nitamchapia mimi."

Mama mkwe hakwenda popote. Alipaza sauti tu kuelekea uani: "Umesikia?"

Jumamosi asubuhi nikasikia kikohozi, nikageuza kiti. Lakini visigino havikupita. Alisimama nje, mgongo ameuegemeza kwenye mbao zangu, uso kautazamisha migomba, akaanza kuongea na migomba kwa sauti ya mtu anayeagiza.

"Andika," akasema.

Nikaingiza karatasi. Mama mkwe alisimama kati, kwa ajili ya heshima, lakini safari hii hakurudia chochote. Mashine ilikuwa inamjibu yenyewe. Ikilia, amejua nimesikia. Ikinyamaza, anarudia sentensi.

Nilitegemea mahubiri. Alianza kweli na mahubiri, mistari mitatu minne kuhusu vijana na redio. Kisha akasita. Nikasubiri, vidole juu ya herufi. Akasema kwamba baba yake alikufa mwaka wa njaa. Hakukuwa na ng'ombe, si wa kwanza wala wa pili. Watu walikuja, wakazika, wakaona hakuna kitu, na jua likiwa bado juu wakaaga mmoja mmoja, wanaona haya. Jioni mama yake alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka mkubwa uliotandikwa kwa ajili ya watu wengi. "Mkeka ule," akasema, "ulikuwa mkubwa mno." Ng'ombe, akasema, si nyama. Ng'ombe ndiye anayewafanya watu wakae usiku ule mjane asipoweza kukaa mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa ameacha kujifunga kitenge. Nadhani hata yeye hakuwahi kuisikia habari hiyo, na walikuwa wameoana tangu zama za mkoloni.

Tukafika kwenye jina. Akataka iandikwe "Mzee Mwenye Hekima."

"Watakujua papo hapo," mama mkwe akasema. "Nani mwingine angejisifu hivyo?"

Kukawa na mjadala, nao ukaangukia kwenye "Mjua Mila." Mama mkwe akapeleka karatasi Makandana mwenyewe, kaiweka ndani ya kapu chini ya maharage. Nikashangaa kuona mtu aliyelalamika juzi kuhusu watu wa migombani naye kaingia humo humo, na amejificha vizuri kuliko wote. Sikusema. Kwanza nisingeweza, na pili Jumapili ilikuwa kesho.

Jumapili ikapita, hakuna aliyeleta ndizi.

Habari za Mjua Mila zilienea. Mwenye duka aliniambia watu walisoma wakanyamaza, jambo ambalo mbele ya ubao ule halijawahi kutokea. "Dada, hata mimi nilifunga duka kidogo," akasema. "Huyu ni nani?"

"Bei ya mafuta ya taa imepanda tena?" nikamwuliza.

Akacheka. "Haya. Nimeshika adabu."

Wiki hiyo hiyo rafiki mkubwa wa baba mkwe, mzee wa kanisa, alikuja chumbani kwangu akakaa kitini kwa ukubwa wake wote. Akanibembeleza. Akasema yeye ni kama baba yangu, na wazee wana haki ya kujua Mjua Mila ni nani. Nikamwambia yale yale, kwamba niliahidi. Akanikasirikia kidogo, akasema mji huu umekuwa wa watu wasio na sura, akaondoka. Nje, nyuma ya mbao, kulikuwa na mtu aliyekuwa anapogoa majani ya migomba, na kwa muda wote wa mazungumzo yale panga halikusikika.

Ningependa kusema kwamba baba mkwe alielewa pale pale, akatulia. Lakini kilichofuata ni kwamba mji uliamua Mjua Mila ni mwalimu mmoja mstaafu wa Makandana, kwa sababu tu alikuwa na miwani na aliwahi kusahihisha matangazo ya watu kwa kalamu nyekundu. Wakampongeza. Mwalimu, kwa haki yake, hakusema ni yeye. Hakusema si yeye pia. Alitabasamu na kusema, "Mambo ya zamani hayo, yanauma."

Baba mkwe alirudi na habari hiyo akiwa amewaka.

"Leo mama yangu amekuwa mama wa mwalimu!" alipiga kelele uani. "Wanampa pole! Wamempelekea kuku!"

"Si ulitaka usijulikane?" mama mkwe akasema.

"Nilitaka nisijulikane. Sikutaka ajulikane yeye!"

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa mkono ulioshika utepe wa mashine, nikashinda na wino kidevuni. Lakini hasira ile ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake. Kitu alichokificha maisha yake yote alikitoa, na sasa kilikuwa kinatembea mjini kwa miguu ya mtu mwingine.

Akaja kwenye mbao. "Mwambie," akamwambia mama mkwe, "aende Makandana aseme ni mimi."

Mama mkwe akanitazama. Nikasema kwa sauti ya kusikika, ingawa nilimtazama mama, "Sisemi ya mtu. Hata rafiki yake alipokuja kumwulizia yeye sikusema. Lakini akitaka kuweka jina lake mwenyewe, nachapa upya sasa hivi."

Nyuma ya mbao akasema: "Chapa."

Nikachapa yote tena, mama, mkeka, wageni wanaoona haya. Nilipofika chini nikakwama. Kumbe kuna jambo katika kutila ambalo sikuwahi kulihitaji kazini: mkamwana halitaji jina la baba mkwe. Halisemi kabisa, hata maneno yanayofanana nalo anayazunguka. Sasa kulichapa ni kulitaja? Vidole vina mdomo? Nilimwuliza mama mkwe, akasema hajui, zamani hapakuwa na taipureta. Akamwuliza baba mkwe, naye akafikiri, na akasema kwa masikitiko kwamba hajui vilevile. Yeye, Mjua Mila.

Nikaacha nafasi tupu. Mama mkwe akampelekea karatasi na kalamu, naye mzee akaiweka juu ya gogo, akasaini kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zinazopanda mlima. Akaenda kuibandika mwenyewe mchana, kofia mkononi.

Kwa siku chache uani kwetu hapakukalika kwa wageni. Kila aliyekubali alikuja kukubali, kila aliyepinga alikuja kupinga ana kwa ana, na wote walinyweshwa chai. Mama mkwe akasema jina la kujificha lilikuwa linakula majani ya chai machache zaidi. Baba mkwe alichoka, lakini alikuwa na furaha ambayo hata visigino vilionyesha. Kuhusu Msema Pembeni hakuuliza tena, na kuhusu chumba hakusema. Mimi sikujua kama nimesamehewa au nimesahauliwa. Mtu anayekaa kwenye chumba cha mwingine hupenda kujua.

Ndipo Msema Pembeni akaja mara ya pili. Alikuja mchana kweupe, kakaa kitini kabla sijamkaribisha, akatoa karatasi. Ilikuwa jibu. Ilianza hivi: "Kwa mzee aliyeweka jina lake. Nakupa pole ya mama yako, pole ambayo wengine walimpa asiyestahili. Sikujua." Nilianza kuchapa. Nilipofika katikati nikasikia kikohozi.

Nikageuza kiti kwa mazoea. Msema Pembeni alifunika mdomo kwa kiganja, akakunjamana kama nguo. Visigino vilikuja mpaka mlangoni, vikasimama. Mlango ulikuwa wazi. Angegeuza shingo tu, angemwona mtu aliyemtafuta kwa majuma yote yale. Lakini mimi nilikuwamo ndani, na mahali alipo mkamwana baba mkwe hatazami. Aligeuka akaegemea mbao, uso migombani, kama siku ile ya kwanza.

Hakukuwa na mama mkwe wa kutumwa. Alikwenda sokoni.

"Mgeni wako," akaiambia migomba, "nasikia mashine inalia polepole, haiko kwenye tangazo la mbuzi. Mwambie ng'ombe wa pili kubaki, sikubali."

Mimi na mgeni tulitazamana.

"Mwambie pia," akasema, na sauti ikashuka, "kama ni mambo ya mama yangu, ndaga, asante sana. Na mwambie asiharakishe, achapiwe mpaka mwisho. Mimi naelekea shambani, nitarudi jioni."

Akakohoa tena, kikohozi kirefu kuliko kawaida, visigino vikaondoka.

Msema Pembeni akaondoa kiganja mdomoni. "Ameniona?"

"Hajakuona."

"Una hakika?"

"Hawezi kuona humu."

Akafikiri. Kisha akavuta karatasi yake kutoka kwangu, akaomba kalamu, akakata mstari wa mwisho na kuandika mwingine juu yake: kwamba kama ng'ombe wa pili lazima achinjwe, basi walau ngozi na mguu mmoja vibaki kwa mjane, na mzee mwenye fimbo aseme hilo mbele ya watu.

"Mguu wa nyuma," akasema. "Andika wa nyuma. Wa mbele hauna nyama."

Nikaandika wa nyuma.